Baba mkwe kafaulu test ya udereva, mimi nimefeli, lakini funguo za gari ninazo mimi. Nimechanganyikiwa wakuu

Wakuu, popote mlipo, amani iwe kwenu.

Mimi ni msomaji tu humu, kuandika siwezi sana. Elimu yangu ni ya la saba, kwa hiyo mtakapoona nimekosea, mnielewe hivyo hivyo. Nitakachosema kimenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Nimesoma uzi mmoja humu watu wanabishana kama madereva wazee walazimishwe kurudia test. Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema ni kuwadhalilisha wazazi. Nilisoma comments zote. Kila niliyemsoma nilimwona ana haki. Ndiyo nikasema ngoja nilete langu, labda mtanisaidia kufikiri.

Niko Unyambwa, nje kidogo ya Singida mjini. Nalima vitunguu na alizeti, na nina Probox nyeupe ya kubeba mizigo midogo midogo.

Ukweni kwangu ni kijijini, njia ya kuelekea Sepuka. Njia ya vumbi. Baba mkwe ana pick-up ya bluu ya siku nyingi, na kwa pale kijijini ndiyo gari pekee. Ameendesha malori tangu ujana, akastaafu, akanunua hiyo. Umri wake ni kati ya sabini na themanini, hata yeye mwaka aliozaliwa anaukadiria kwa njaa fulani aliyosimuliwa na mama yake.

Hajawahi kupata ajali. Hata moja. Hilo kila mtu kule anakwambia.

Na ile pick-up ndiyo ambulance ya kijiji. Mama mwenye uchungu, mtoto wa degedege, mzee wa presha, wote anawabeba yeye, na mafuta anaweka mwenyewe. Mama mkwe naye anahudhuria kliniki ya sukari mjini, kila mwezi anampeleka.

Hapo mnaona ugumu wa jambo lenyewe. Ukisema mzee asiendeshe, kuna watu hawatafika hospitali. Ukisema aendeshe, ndiyo haya ninayotaka kusimulia.

Sasa kwa wasiojua mila zetu. Mimi ni Mnyaturu. Mkwe hakai bega kwa bega na wakwe zake, hasa mama mkwe. Siku hizi vijana wa mjini wanakaa tu, siwalaumu. Mimi nilikuzwa hivyo. Kwa hiyo tukienda safari na ile pick-up, wao wawili wanakaa mbele, mzee kwenye usukani na mama kushoto kwake, mimi napanda nyuma kwenye bodi. Nakaa juu ya gunia, mgongo nimeegemeza kwenye kioo cha nyuma, uso naangalia tulikotoka.

Nimekaa hivyo miaka yote ya ndoa yangu. Kumbukeni hapo nilipokuwa nakaa.

Kitu nilichokuwa nakiona ni hiki. Pick-up ikipita, watu wanakuwa wameshuka njia. Akina mama wenye ndoo wako mtaroni, wachungaji wamesukuma ng'ombe mpaka kwenye shamba la mtu, wenye baiskeli wamebeba baiskeli. Wote wamesimama wanaangalia gari, wengine wamepiga goti kidogo, "shikamoo mzee", na mzee anajibu kwa honi. Peee. Gari likishapita, wote wanarudi barabarani kama maji yanavyorudi ukishatoa mguu.

Nilikuwa naona fahari kweli kweli. Nasema moyoni, nimeoa kwa mtu. Hata mkuu wa wilaya hashukiwi njia namna ile.

Na mama mkwe kule mbele haishi kuongea. Nilikuwa namsikia kupitia kioo. "Huyo mama Pili kushoto, msalimie. Huyo kijana wa mchungaji kushoto, ana mbuzi. Watoto wa shule hao, kushoto." Nikawa nadhani ni mama anayependa watu.

Basi.

Mwaka huu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Dodoma, alikuja kwenye msiba. Akaegesha gari lake nyumbani kwao. Mzee wakati anaingia akalikwaruza. Upande wa kushoto wa pick-up. Shemeji akakagua akakuta side mirror ya kushoto haipo, na bodi lote la kushoto lina michubuko. Mzee akasema ni ng'ombe. Shemeji akaniambia pembeni, "Ng'ombe gani hao wanaokwaruza upande mmoja tu?"

Akataka funguo zichukuliwe siku ile ile. Mke wangu akakataa, akasema baba ataugua kwa aibu. Wakabishana sana. Mwisho wakanigeukia mimi mkwe, nitoe neno.

Wakuu, mimi si mtu wa kutoa neno. Nilijisikia kama nimeulizwa hesabu ubaoni.

Nikasema kama ni suala la uwezo, basi apimwe, tusimhukumu kwa mchubuko. Afanye test upya. Na kama yeye anafanya, mimi pia nifanye, maana mimi nilipata leseni kipindi ambacho, nisiseme sana, mwalimu wangu alikuwa na haraka. Isionekane mzee anapimwa kwa sababu ya mvi.

Shida ikawa nani atamwambia. Yeye na mwanaye wa kiume walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya lile kwaruzo. Mke wangu analia tu. Mimi mkwe siwezi kumwambia baba mkwe nina wasiwasi na macho yako, mdomo wenyewe haufunguki.

Nikafikiria, nikamwendea mshenga wangu.

Ndiyo, yule yule aliyeniposea. Mzee Idi. Ni mtu wa maneno yake, ameozesha nusu ya vijana wa kwetu. Nilimweleza akacheka mpaka akakohoa. Akasema amewahi kupeleka ujumbe wa mahari, wa ugoni, wa mke kurudi kwao, ila ujumbe wa kumwambia mtu akafanye mtihani wa gari hajawahi. Lakini alikwenda. Kwa taratibu zote, na fimbo yake, na salamu ndefu.

Alirudi amepewa kuku. Akasema, "Mkweo amekubali. Anasema mtoto anayetaka na yeye apimwe hana ubaya. Ila anasema ukifeli usilie."

Tukamtafuta mwalimu mstaafu wa driving pale mjini, mtu mkali, haogopi mvi wala vyeo. Tukakubaliana atupime kama alivyokuwa akipima zamani. Si test ya serikali, ilikuwa yetu wenyewe ya kifamilia, naomba nieleweke hapo. Na kwa haki niseme pia kwamba leseni ya mzee iko hai, ana-renew, hajavunja sheria yoyote ninayoijua mimi.

Siku ilipofika tukaenda uwanjani, nje kidogo ya mji. Mzee alivaa koti.

Mzee alianza. Reverse kati ya madumu, hakugusa hata moja. Kusimama mlimani na kuondoka, gari halikurudi hata kidole. Alama za barabarani alijibu kabla mwalimu hajamaliza kunyoosha kidole. Mwalimu akamwambia asome plate number ya lori lililokuwa mbali ng'ambo ya uwanja. Akasoma herufi na namba zote. Mimi mwenyewe ilibidi nikunje macho.

Mwalimu akampa mkono. Akasema mikono kama ile siku hizi haipo.

Kisha mimi. Nilipiga dumu la kwanza. Nikajirekebisha nikapiga la pili. Kwenye alama niliulizwa pembetatu iliyopinduliwa maana yake nini, nikasema kuna kilima mbele. Mzee aliangalia pembeni ili asicheke, nilimwona mabega.

Mwalimu akasema, "Mzee aendelee kuendesha. Wewe kijana rudi ujifunze."

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza. Maana nilienda na swali moja na nikapewa jibu la swali lingine.

Sasa wakati tunataka kuondoka, springi ya pick-up ikawa imekatika. Tukaiacha kwa fundi. Tukabaki na Probox yangu. Mzee akanyoosha mkono nimpe funguo. Kwa jinsi alivyofaulu na mimi nilivyofeli, ningeanzia wapi kukataa?

Nikafungua mlango wa nyuma nikae. Akasema, "Njoo mbele. Leo tumefanya mtihani pamoja, sisi ni darasa moja."

Kwa hiyo nikakaa kushoto kwake. Kiti cha mama. Mara ya kwanza maishani. Nilibana mikono katikati ya magoti, nikanyamaza. Mkwe akiwa karibu na mkwe wake anasubiri kusemeshwa. Na yeye alikuwa na furaha, akawa anaimba wimbo wa kanisani taratibu.

Tulipoacha lami nikaanza kuona kitu kigeni. Watu hawashuki njia.

Wamama wenye ndoo wanasogea kidogo tu kama kwa gari lolote. Ng'ombe wako katikati. Mzee akashangaa pia, akapiga honi ya salamu, hakuna aliyeitikia. Akasema watu wa leo wamekuwaje. Mimi nikaelewa kwamba Probox nyeupe hawaijui.

Mbele kidogo kuna kinjia kinatokea mashambani upande wa kushoto. Kuna jamaa alikuwa anakuja na baiskeli kwenye kile kinjia, amefunga tenga la kuku nyuma, anaelekea barabarani. Nilimwona mapema sana. Nikasema moyoni, mzee naye amemwona. Aliyesoma plate number ng'ambo ya uwanja ataachaje kuona mtu mzima na tenga la kuku?

Na kumwambia dereva kama yule "baba, angalia", saa chache baada ya kufaulu, ni kama kumtukana.

Hakupunguza mwendo. Nikageuka nikamwangalia usoni. Alikuwa anaimba, anaangalia mbele.

Nikapiga kelele. Sijui nilisema nini. Nikaushika usukani na kuuvuta. Mimi mkwe, nikamshika mzee mkono na usukani pamoja.

Gari likaserereka likaenda upande wa kulia, likasimama kwenye majani. Jamaa na baiskeli wakaanguka vumbini. Tenga likapasuka.

Nilishuka nikiwa najua nimemwona mtu akifa. Wakuu, yule jamaa alikuwa amekaa anafuta kiwiko. Kiwiko tu. Kuku wametawanyika kila mahali. Hatukumgusa, alianguka mwenyewe kwa kukwepa.

Mzee akashuka taratibu, uso umekuwa wa majivu. Jamaa aliponyanyua kichwa akamwona, akasimama haraka, akapangusa mikono.

"Aa, kumbe ni wewe mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeumia?"

"Sijaumia. Unisamehe mzee. Umekuja na gari geni. Ningejua ni wewe ningeshuka njia mapema."

Mzee alikuwa ameinama kushika kuku mmoja. Akanyanyuka naye.

"Ushuke njia kwa nini?"

Jamaa akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kuku.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Si wote tunashuka, mzee? Tumezoea. Na mke wangu ulimpeleka wewe hospitali akiwa na uchungu. Mtu kama wewe nishindwe kukushukia njia?"

Mzee akampa yule kuku. Kisha akanigeukia, na sauti haikuwa ya ukali.

"Mkwe. Wewe ndiye unayekaa nyuma siku zote. Nikishapita, wale watu wanafanyaje?"

"Wanarudi njiani, baba."

"Wote?"

"Wote."

"Na watoto?"

Ningeweza kusema chochote, wakuu. Lakini aliniuliza kitu nilichokiona kwa macho yangu miaka yote ile.

"Watoto ndiyo wanavutwa pembeni kwanza, baba."

Upepo wetu wa Singida mnaujua, ulikuwa unapeperusha manyoya ya kuku kwenye koti lake, hakuyatoa.

"Mimi nilijua wananisalimia," akasema.

"Wanakusalimia pia, baba."

Na hilo sikulisema kumfariji. Nalisema hata sasa. Wanamsalimia kweli, na wanamkimbia kweli, vyote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nasema nimechanganyikiwa.

Tukakusanya kuku watatu sisi, yule jamaa akakimbiza wengine. Mzee akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akakaa. Nikaendesha mimi, niliyefeli. Hakuimba tena.

Tulipofika, mama mkwe alikuwa anachambua choroko nje. Alimwona mumewe anashuka kiti cha nyuma. Hakuuliza kama amefaulu. Alisema, "Leo nani alikuwa anamsomea kushoto?"



Kumbe ile "huyo mama Pili kushoto" haikuwa mapenzi ya watu. Mama alikuwa ndiye jicho. Aligundua zamani kwamba mumewe haoni upande ule, na kumwambia hawezi, kwa hiyo akawa anamsalimisha watu. Mzee anageuza shingo ili asalimie, hapo ndipo anaona. Na kijiji nacho kilishajua, kikawa kinashuka njia. Kila mtu kwa heshima yake. Aliyekuwa hajui ni mzee peke yake, na mimi bwege niliyekuwa naangalia nyuma nikiona fahari.

Siku niliyokaa kiti cha mama nilinyamaza kwa heshima. Ile heshima nusura iue mtu.

Hospitali walimpima baadaye. Jicho la kushoto limekufa taratibu, presha ya macho, haiumi. La kulia ni zima kabisa, ndiyo maana alisoma plate number. Mwalimu hakumwambia afunge jicho moja. Kwa haki simlaumu mwalimu, hata mimi nisingefikiria.

Funguo mzee alizitoa mwenyewe. Hakumpa mwanaye, alimpa Mzee Idi anikabidhi mimi, kwa taratibu, na salamu ndefu. Shemeji alipiga simu akasema si nilisema? Ni kweli alisema. Mke wangu naye alisema baba ataugua kwa aibu, na ni kweli alikaa ndani wiki nzima hata kanisani hakwenda. Wote walikuwa sahihi.

Nilirudi kwa yule mwalimu, nimejifunza upya. Pembetatu iliyopinduliwa naijua sasa, ni kupisha wengine. Madumu bado napiga moja moja.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili. Wazee wapimwe upya? Mimi nasema ndiyo, wapimwe. Halafu nakumbuka mzee alipimwa akafaulu. Kwa hiyo apimwe nini hasa? Macho moja moja? Na awe bila mke pembeni, na kwenye gari ambalo kijiji hakilijui? Na kwa nini wazee tu, wakati mimi kijana ndiye niliyedhani kuna kilima mbele?

Na mama mwenye uchungu kijijini atampigia nani? Sasa hivi ananipigia mimi, natoka Unyambwa mpaka kule, anasubiri. Siku moja nitachelewa. Hilo linaninyima usingizi kuliko yote.

Funzo nililopata ni dogo. Ukimwona mtu anamshukia njia mzazi wako, usikimbilie kujisifu. Muulize kwanza kwa nini.

Kuna mmoja atauliza mzee yuko hali gani. Juzi tulipeleka alizeti kukamua na ile pick-up, ilishatengenezwa. Mama hakuwepo. Nikamfungulia mlango wa mbele, akakataa, akapanda nyuma kwenye bodi, juu ya magunia, mgongo kwenye kioo. Akasema anataka kuona mwenyewe hicho nilichokuwa nakiona.

Nikaendesha pole pole. Watu wakashuka njia kama kawaida, na ndoo zao na ng'ombe zao, wakasalimia. Nikapiga honi kwa niaba yake.

Tulipofika mashineni akashuka, akakung'uta vumbi, akanisogelea.

"Mkwe," akasema, "wameshuka wote, mpaka watoto. Sasa leo sijui walikuwa wanamkimbia nani."

Na mimi sijui, wakuu. Karibuni mseme, hata mnaotaka kunigombeza, nitasoma yote.